Ulimi wa Askari Nao Hufunzwa Chuoni

Kijana aingiapo chuo cha jeshi au cha polisi hufundishwa upya mambo ambayo alidhani anayajua tangu utotoni. Hufundishwa kusimama, kutembea, kugeuka, kutandika kitanda na kufunga kamba za viatu. Hakuna mkufunzi asemaye kwamba kijana huyu alikuja na miguu yake miwili, kwa hiyo hana haja ya kufundishwa kwenda. Lakini likija suala la kusema mbele ya watu, kuuliza, kueleza na kusikiliza, watu wengi hudhani kwamba kila mwenye ulimi anajua kuutumia, na kwamba asiyejua atajifunza mwenyewe akiwa kazini.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini dhana hiyo haifai, na jinsi vyuo vinavyoweza kuwasaidia wanafunzi wake kupata uwezo wa kusema na kusikiliza. Tunazungumza nanyi askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu katika kazi yenu neno lililosemwa vibaya haliishii kwenye alama za mtihani. Laweza kumtia rumande mtu asiye na hatia, au kuipeleka doria mahali pasipo na adui. Na ili tusizungumze hewani, tutachukua mahali pamoja pa kupimia hoja yetu, napo ni pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, hasa kisiwa cha Rongui.

PWANI YENYE LUGHA NYINGI

Rongui ni kisiwa kidogo katika kundi la kaskazini la visiwa vya Kirimba, jirani na kisiwa kikubwa zaidi cha Vamizi. Kusini yake, katika bara, uko mji wa Mocímboa da Praia. Kaskazini yake uko mji wa Palma, kisha mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto huo ni Mtwara. Fukwe za Rongui na Vamizi hupandwa na kasa wanaokuja kutaga mayai. Wavuvi nao huvitumia visiwa vya pwani hii kwa kupiga dago, wengine wakiwa wenyeji wa hapo, na wengine wakitoka mbali, Nampula kwa upande wa kusini na Tanzania kwa upande wa kaskazini.

Askari atiaye nanga katika pwani hiyo hukutana na lugha nyingi kwa mara moja. Watu wa visiwani na wa miji ya pwani husema Kimwani, lugha iliyokaribiana sana na Kiswahili bila ya kuwa Kiswahili. Palma kuna Kimakwe pia. Bara, kwenye uwanda wa Mueda, kuna Kimakonde. Na kusini kuna Kimakua. Kiswahili husikika sana kwa sababu ya biashara, uvuvi, ndoa na elimu ya dini, mambo ambayo kwa karne nyingi yameiunganisha pwani hii na Lindi, Kilwa na Unguja. Lugha rasmi ya serikali ni Kireno. Ndiyo lugha ya amri, ya ripoti na ya mahakama, lakini wazee wengi wa pwani hawaimudu.

Pwani hiyo imepita katika mateso makubwa. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, na huo ukawa mwanzo wa vita vilivyowafukuza makwao mamia ya maelfu ya watu. Mwezi Septemba 2020 washambuliaji walifika Vamizi, jirani kabisa na Rongui. Tarehe 24 Machi 2021 wakaushambulia mji wa Palma. Wavuvi walijikuta katikati. Waasi waliwashuku kuwa wapelelezi wa serikali, na askari waliwashuku kuwa wachukuzi wa waasi. Mtu aliye katika hali hiyo hupima kila neno analoambiwa, na hupima zaidi kila neno analojibu.

Mwaka 2021 vikosi vya nchi nyingine za Afrika vilikwenda kusaidia. Rwanda ilianza kupeleka askari wake wa jeshi na polisi mwezi Julai, na tarehe 8 Agosti, wakiwa pamoja na majeshi ya Msumbiji, wakautwaa tena mji wa Mocímboa da Praia. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika nayo ilipeleka kikosi, ambamo Tanzania ilishiriki. Kikosi hicho kilimaliza kazi yake mwaka 2024. Watu waliofuatilia mambo ya Cabo Delgado walieleza mara nyingi kwamba askari waliojua Kiswahili waliweza kuzungumza moja kwa moja na wenyeji, na kwamba jambo hilo liliwasaidia. Kwa upande mwingine, askari kijana wa Msumbiji aliyezaliwa Gaza au Inhambane, akasoma kwa Kireno, aweza kufika Palma akawa mgeni wa lugha kuliko mtu aliyetoka nchi nyingine.

FUNZO LA ZAMANI

Jambo hili si jipya kwa majeshi ya upande wetu huu wa Afrika. Chama cha FRELIMO kilipoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kilikusanya vijana wa makabila na lugha mbalimbali. Walipofunzwa Kongwa, kisha vita vya ukombozi vikaanza Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964, mpiganaji hakuweza kupita kijijini, wala kula, wala kupata mchukuzi wa mizigo, bila ya kumweleza mkulima yeye ni nani na anataka nini. Kireno kilifanywa lugha ya kuwaunganisha wapiganaji, lakini kule kaskazini Kiswahili na lugha za wenyeji ndizo zilizofika nyumbani kwa watu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Kongo. Mwezi Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi maalumu cha kwenda Kivu, kilichoundwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mtanzania aliyesimama kwenye kizuizi karibu na Goma aliweza kumsalimu mama mwenye kikapu na kumwelewa, maana Kiswahili ndiyo lugha ya soko na barabara ya mashariki ya Kongo. Hata hivyo, Kiswahili cha Goma si kile cha Dodoma. Aliyekwenda akidhani kuwa kwa kuwa lugha ni moja basi hana la kujifunza, alilazimika kujifunza hapo hapo.

Hapa yafaa tuonye jambo moja. Kujua lugha ni kitu kimoja, na kujua kusema na watu ni kitu kingine. Tumewaona watu wajuao Kiswahili sanifu wasioweza kueleza jambo kwa dakika mbili likaeleweka, na tumewaona wenye Kiswahili cha kubabaisha wakapendwa na kijiji kizima kwa sababu wanajua kusalimu, kuuliza na kunyamaza wasikie jibu. Chuo hakina budi kufundisha yote mawili.

KWA NINI MWANAFUNZI HUMALIZA CHUO BILA YA KUJUA KUSEMA

Sababu ya kwanza ni lugha ya masomo. Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, isipokuwa katika shule chache, kisha huingia sekondari na vyuo ambako masomo ni kwa Kiingereza. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuatia masomo yao. Hata kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanzisha kitengo cha kufundisha stadi za mawasiliano. Msumbiji ina hali kama hiyo kwa Kireno. Matokeo ni kwamba mwanafunzi hunyamaza darasani. Mwalimu humwona hana fikra, kumbe fikra anazo ila amenyimwa chombo cha kuzitolea. Mwalimu mwema huanza kwa kutenganisha mambo hayo mawili: humwambia mwanafunzi aeleze jambo kwanza kwa lugha anayoimudu, ajue kwamba analielewa, ndipo wahangaike na lugha ya mtihani.

Sababu ya pili ni mtihani wenyewe. Karibu kila kitu chuoni hupimwa kwa kalamu, na mwanafunzi hujifunza kile anachopimwa. Mtu aweza kusoma miaka mitatu, akaandika majibu mazuri, asisimame mbele ya wenzake zaidi ya mara mbili.

Sababu ya tatu inahusu vyuo vyenu ninyi. Nidhamu ya kijeshi humtaka aliye chini asikie na atii. Hilo ni sharti la kazi, wala hatulipingi. Lakini kuna wakati nidhamu hueleweka vibaya ikawa ni kunyamaza, na mwanafunzi akazoea kutumia maneno mawili tu, "ndiyo, afande". Siku anapopewa platuni yake, au anapowekwa kwenye dawati la mapokezi kituoni, hutakiwa ghafla kueleza, kushawishi, kutuliza na kuhoji. Hapo huitafuta sauti yake asiione, akaazima ile ya mkufunzi wa gwaride. Sauti hiyo yafaa uwanjani, haifai kwa mama aliyekuja kituoni kueleza kwamba mwanawe amepotea.

Sababu ya nne ni hofu. Moyo kupiga mbio, mdomo kukauka na magoti kutetemeka mbele ya watu si ishara ya udhaifu. Mwili unajiandaa kama unavyojiandaa mbele ya hatari yoyote. Askari anaijua hali hiyo kutoka uwanja wa shabaha, na anajua dawa yake: kuvuta pumzi polepole na kufanya mazoezi mara nyingi hadi mwili uzoee.

MAZOEZI YAFAAYO

Wagiriki wa kale walisimulia habari za Demosthenes, aliyekuwa na kigugumizi na sauti dhaifu, kwamba alijizoeza kusema na vijiwe mdomoni na kushindana na kelele za mawimbi mpaka akawa msemaji mkuu wa Athens. Hatuwashauri wakufunzi wawatie wanafunzi kokoto mdomoni. Tunalotaka lionekane ni kwamba tangu zamani watu walijua kuwa usemaji hupatikana kwa jasho.

Katika zama zetu hizi, mwaka 1924, Mmarekani Ralph Smedley alianzisha huko Santa Ana, California, chama cha watu wa kawaida waliokutana ili kujizoeza kusema. Chama hicho, kiitwacho Toastmasters, kimeenea duniani, na utaratibu wake ni rahisi kuigwa bila ya gharama yoyote. Katika mkutano wake wachache hutoa hotuba fupi walizoziandaa. Wengine hupewa swali papo hapo, wakalijibu kwa dakika moja au mbili. Mmoja hushika saa. Mwingine huhesabu vikorokoro vya usemi, yale maneno ya "aa", "yaani", "nini" na "hii" ambayo msemaji huyatupa bila ya kujijua. Na kila msemaji hupewa mtu wa kumpima, amwambie mbele ya wote alichofanya vizuri na kile cha kurekebisha.

Tunapendekeza vyuo vichukue mambo matano kutokana na mifano kama hiyo.

Kwanza, mazoezi yawe mafupi na ya mara kwa mara. Dakika mbili kila siku kwa mwanafunzi mmoja mmoja, kabla ya kipindi cha asubuhi, zina faida kuliko hotuba moja ndefu mwisho wa muhula. Darasa la wanafunzi 30 likisikiliza wasemaji 3 kila siku, katika siku 10 kila mmoja atakuwa amesimama, na shughuli nzima haitachukua zaidi ya dakika 10 kwa siku.

Pili, mwanafunzi asikariri hotuba nzima. Aliyekariri akisahau neno moja huanguka palepale. Ajue kwa moyo sentensi ya kwanza na ya mwisho, na katikati awe na mambo matatu tu ya kusema, ameyapanga kwa utaratibu. Ofisa anayeijua kazi yake huwapa askari taarifa ya kazi kwa mpango maalumu: hali ilivyo, kazi yenyewe, jinsi ya kuitekeleza. Mpango huo huo humfaa mtu anapozungumza na wanakijiji, ila maneno yabadilike.

Tatu, marekebisho yawe ya heshima na ya kitu mahsusi. Kumwambia mwanafunzi "umesema vibaya" hakumsaidii. Kumwambia "ulitazama chini tangu mwanzo hadi mwisho, kesho mtazame mtu mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto" kunamsaidia. Anayecheka mwenzake aliyejikwaa naye apewe zamu hapo hapo.

Nne, pawe na zoezi la kusikiliza. Ninyi mnalo tayari, ingawa pengine hamjalitazama kwa jicho hilo. Askari apokeapo ujumbe kwa simu ya upepo huurudia ili aliyeutuma ajue umefika ulivyo. Basi wanafunzi wawili wakae, mmoja aeleze jambo kwa dakika tatu, mwenzake alirudie kwa maneno yake mpaka yule wa kwanza akubali kwamba ndilo alilolisema. Jaribuni zoezi hili, mtaona jinsi mara nyingi jawabu la kwanza linavyokuwa "hapana, sikusema hivyo".

Tano, pawe na maigizo ya kazi. Mmoja awe mvuvi, mwingine awe askari wa doria. Mmoja awe mama aliyeporwa, mwingine awe koplo wa zamu. Halafu wabadilishane. Mwanafunzi aliyekaa katika nafasi ya anayehojiwa, akahojiwa kwa ukali, hukumbuka funzo hilo kuliko mhadhara wa saa nzima.

Wakufunzi waangalie pia kwamba wanawake na wale wenye aibu hawamezwi na wenye sauti kubwa. Pwani kama ile ya Cabo Delgado kuna nyumba ambazo askari mwanamume hatapata habari zake kamwe, na askari mwanamke atakaribishwa hadi jikoni. Chuo kikimwacha msichana anyamaze nyuma ya darasa, kikosi kitakosa masikio yake baadaye.

DORIA IKIFIKA RONGUI

Sasa tuyapime hayo kwa mfano wa kubuni. Tuseme doria imeteremka Rongui alfajiri, maji yamekupwa. Wavuvi wanne wako dagoni wanashona nyavu. Kiongozi wa doria ni ofisa kijana aliyemaliza chuo mwaka huo huo. Kikosi kimeambiwa kwamba usiku uliopita mashua isiyojulikana ilipita karibu.

Ofisa wa namna ya kwanza hufika na bunduki mbele, hasalimu, naye huuliza kwa sauti ya juu: "Mmewaona waasi wakipita hapa jana usiku, siyo?" Swali hilo limekwisha kujijibu. Mvuvi mwenye hofu ataangalia jibu gani litamwokoa. Akiona askari anataka "ndiyo", atasema ndiyo, hata kama aliyepita ni mfanyabiashara wa dagaa. Akiona "ndiyo" itamletea maswali zaidi, atasema hapana, hata kama aliwaona kwa macho yake. Katika hali zote mbili doria inaondoka na kitu kisicho na thamani, tena kinaandikwa katika ripoti kama ukweli.

Ofisa wa namna ya pili huacha askari wake nyuma kidogo, husimama mbali na nyavu ili asizikanyage, na kusema: "Asalaam aleikum, wazee wetu. Habari za bahari? Tunaomba kusema na nahodha." Akishaonyeshwa nahodha hueleza yeye ni nani na kwa nini amekuja. Kisha huuliza: "Baba nahodha, tueleze tangu jua lilipozama jana mpaka saa hii. Mlikuwa wapi, na mliona nini?" Halafu hunyamaza. Kunyamaza huko ni kazi, na ni kugumu kuliko kuuliza. Msimulizi akisita, ofisa hamkatizi, humwacha akumbuke.

Njia hiyo ya pili si upole wa bure. Huko Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, mahakama zilitengua hukumu za watu waliokuwa wamefungwa miaka mingi kwa makosa ya mabomu wasiyoyafanya, hukumu ambazo zilitegemea sana maungamo yaliyopatikana katika mahojiano ya polisi. Mapema miaka ya 1990 polisi wa Uingereza na Wales wakapewa utaratibu mpya wa kuhoji, wenye hatua tano: kujiandaa, kujenga maelewano na kueleza sababu ya mahojiano, kumwacha mtu atoe maelezo yake, kufunga mazungumzo ipasavyo, na kutathmini yaliyopatikana. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Marekani, Fisher na Geiselman, nao walikuwa wameonyesha kwamba shahidi hukumbuka mengi zaidi akiachwa asimulie mwenyewe na kurudishwa kwa fikra mahali pa tukio, kuliko akipigwa maswali mafupi mafupi. Mwaka 2021 wataalamu wa kimataifa walitoa kanuni zijulikanazo kwa jina la Méndez, zinazosema jambo hilo hilo: mahojiano ya kibinadamu ndiyo yanayoleta habari za kweli.

Turudi kwa nahodha wetu wa Rongui. Amejibu kwamba mashua ilipita "saa tatu usiku". Hapa ofisa asiyezoea kusikiliza huweza kuangamiza kazi nzima. Akiwa amezoea kuhesabu saa kwa Kireno, aweza kuandika saa 3 baada ya usiku wa manane. Kumbe kwa hesabu ya Kiswahili saa tatu usiku ni saa 21:00. Na kama nahodha ni mtu wa Mtwara ambaye simu yake inafuata saa za Tanzania, basi kwa saa za Msumbiji, zilizo nyuma kwa saa moja, ilikuwa saa 20:00. Tofauti ni saa 7, na katika saa 7 mashua yenye mashine imekwisha kufika mbali. Nahodha mwingine hatataja saa kabisa, atasema "maji yalipoanza kujaa", na mwelekeo atautaja kwa upepo, kusi au kaskazi. Ofisa aliyefunzwa hurudia: "Yaani ilikuwa baada ya sala ya isha, kabla watu hawajalala, sivyo nilivyokuelewa?" Nahodha atamthibitishia au kumsahihisha. Swali moja la kurudia lina thamani ya safari nzima ya doria.

Iwapo ofisa hajui Kimwani wala Kiswahili, atahitaji mkalimani, na kutumia mkalimani nako ni jambo la kujifunza chuoni. Humtazama anayezungumza naye, hamtazami mkalimani. Husema sentensi fupi, moja moja. Humkataza mkalimani asiongeze vitisho vyake wala asipunguze maneno ya mzee. Na kwa kuwa Kimwani na Kiswahili vinafanana, Mswahili naye ajihadhari: neno alilolisikia kama lake laweza kuwa na maana nyingine. Kuuliza si ujinga.

Usemi huo una kazi nyingine isiyo ya vita. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, na mwezi Desemba 2024 kikaja Chido. Tahadhari ya kimbunga huandikwa na wataalamu kwa lugha ya wataalamu, lakini anayekwenda ufukweni kumwambia mvuvi avute chombo chake pwani na awapeleke watoto mahali pa juu, mara nyingi ni askari. Asipoweza kulieleza jambo hilo kwa maneno mepesi na kwa lugha ya mvuvi, tahadhari itabaki karatasi.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wapo watakaosema kwamba ratiba ya chuo imejaa na hakuna nafasi ya somo jipya. Jibu letu ni kwamba hatuombi somo jipya. Tunaomba dakika 10 za asubuhi, na tunaomba masomo yaliyopo yafundishwe kwa kuwasemesha wanafunzi. Somo la sheria laweza kumtaka mwanafunzi ammweleze mtuhumiwa haki zake kwa Kiswahili ambacho bibi yake angekielewa. Somo la ramani laweza kumtaka aeleze njia kwa mdomo, bila ya kuonyesha kwa kidole.

Wapo pia watakaosema kwamba askari ni mtu wa vitendo, si mtu wa maneno. Lakini tazameni siku ya askari polisi jinsi inavyopita: anapokea malalamiko, anaelekeza magari, anasuluhisha ugomvi wa majirani, anatoa ushahidi mahakamani. Askari wa jeshi naye katika ulinzi wa amani hutumia siku nyingi zaidi kwenye vizuizi na vijijini akizungumza kuliko akipiga risasi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na askari hujikwaa ulimi akiwa na silaha begani, jambo linalozidisha madhara.

Kwa hiyo tunawaomba wakufunzi wa Monduli na Moshi, wa Kiganjo, na wenzao wa chuo cha kijeshi cha Nampula, wautazame ulimi kama wanavyoitazama shabaha: kitu kinachofunzwa, kinachopimwa, na kinachorudiwa mpaka kikae. Mwanafunzi apewe alama kwa alivyoeleza jambo na kwa alivyosikiliza, si kwa alivyoandika tu. Aliyepangiwa kwenda pwani ajifunze kabla ya safari salamu za watu wa huko, hesabu yao ya saa, na majina ya maji na pepo.

Nanyi mliokwisha kumaliza vyuo, hamkuchelewa. Jioni ya leo, katika kombania au katika kituo chenu, kaeni wawili. Mmoja aeleze jambo kwa dakika tatu, mwenzake alirudie mpaka akubaliwe. Kesho mbadilishane. Siku mtakayopangiwa kulinda watu msiowajua, katika kisiwa ambacho hamjapata kukiona, mtu wa kwanza kukutana nanyi huenda akawa mvuvi anayeshona wavu wake, naye atawapima kwa salamu yenu kabla ya jambo lingine lolote.